Ubao wa Fundi Petro

Siku tuliyomzika Fundi Petro, mwanamke mmoja aliinama kando ya kaburi, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akamsamehe marehemu kosa nililolifanya mimi. Hakusema kwa sauti kubwa. Alisema kama mtu anayezungumza na mwenzake jikoni: "Fundi, lile jambo mimi nimeliacha. Nenda salama." Akautupa udongo, akajifuta kiganja kwenye khanga, akarudi nyuma kuwapisha wengine. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, kamera shingoni, kwa sababu familia iliniomba nipige picha za mazishi, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Sikukibonyeza. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini na mitano, harusi, vipaimara, misiba, pasipoti za watu wanaoiogopa lenzi kama sindano, na kama kuna kitu ninachokijua ni kubonyeza kwa wakati. Siku ile mkono ulikataa.

Alinitambua kabla sijapata pa kujificha. Alikuwa amenenepa na kufunga kitambaa cheusi kichwani, lakini macho yalikuwa yale yale, yaliyokaa mbalimbali, yanayokutazama bila haraka. "Boni," alisema. "Boni wa studio. Habari za miaka?" Nikasema nzuri, Fausta, sijui zako. "Zangu ni za matope," akajibu, akacheka kidogo kwa pua. Alikuwa akiishi Jorodom, pale Katesh, na mlima ulipoteremsha tope, yeye alikuwa amelala kwa binti yake upande wa pili wa mji. Alirudi asubuhi akakuta hakuna mlango wa kubisha hodi. Vyombo, mashine ya kushonea, kabati, vyote havikuonekana tena. "Na ile picha ilikuwa juu ya kabati," alisema. "Sina nyingine ya ujana wangu. Ule mkanda wa filamu bado unao?" Nikamwambia ninao. "Basi nitalala hapa msibani, Jumamosi nije kwako. Siku ya mnada." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyowashika watu waliotutendea wema. "Wewe ulikuwa na roho nzuri, Boni. Wewe ndiye uliyenipa."

Kutoka Alhamisi ile hadi Jumamosi ni siku mbili tu, na katika siku hizo mbili niliuishi tena mwaka mzima.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nililala kwenye chumba cha nyuma cha studio ya Fundi Petro, Dongobesh, chumba cha mbao zilizokauka hadi zikaachana, kiasi kwamba asubuhi jua liliingia kwa mistari na kunichora blanketi. Fundi alikuwa amebandika magazeti ukutani kuzuia upepo, na nilizijua habari zile zote kwa moyo, hasa tangazo moja la dawa ya mifugo lililokuwa usawa wa mto wangu. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya kwetu haina utani; nililala na sweta mbili. Upande wa mbele ndipo palipokuwa studio yenyewe: benchi, kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibiwe, na pazia alilolichora Fundi mwenyewe, lenye maporomoko ya maji na ndege ikiruka chini kuliko maporomoko. Na nje, kwenye ukuta unaotazama barabara, ulikuwepo ubao. Ulikuwa na kioo, bawaba na kufuli dogo. Humo Fundi alipanga picha alizoziona kuwa nzuri, na watu walitoka mbali, siku za mnada hasa, kusimama mbele yake na kutafuta sura wanazozijua. Kuwekwa ubaoni kwa Fundi Petro ilikuwa ni sawa na kutajwa kanisani.

Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, na sweta lake la kijani halikuwa na kifungo cha pili. Kila mteja alimweka vilevile: miguu pamoja, mikono chini, kidevu kimeshuka. "Usinitazame kama umeona polisi," aliwaambia. "Mimi ni Petro tu." Wakicheka, aliwasubiri wamalize kucheka, ndipo akapiga. Ndiyo maana picha zake zote zilikuwa na watu wazito kama mihuri ya ofisi. Hilo la mihuri silo langu. Lilikuwa la Jofrei, kijana aliyefungua studio ng'ambo ya barabara mwaka ule, mwenye spika mlangoni na pazia la ghorofa. Kila asubuhi nilipofagia, alinipigia kelele: "Boni! Leo mtagonga mihuri mingapi?" Nami nilicheka naye, halafu nikaingia ndani na lile neno limenikaa kooni.

Mchana nilikula kwa Fundi. Mama Emi, mkewe, alipika kwenye jiko la nje lililoezekwa kwa bati lililotoboka, na moshi ulitokea humo ukiwa mwembamba na mnyoofu. Nakumbuka ugali uliochanganywa na mtama, mlenda, na maziwa ya mgando yaliyotoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa, yenye vidoa vyeusi ambavyo mpaka leo nikinywa maziwa ya dukani navitafuta. "Huyu Boni anakula kama amekodishwa," Mama Emi alisema, huku ananiongezea. Emi, binti yao, alikuwa darasa la kwanza. Alijifunza kusoma kwa ubao wetu: chini ya kila picha Fundi aliandika jina la mtu na kijiji chake, na Emi alisimama juu ya tofali akitamka silabi moja moja kwa sauti kubwa, hata wapita njia wakamsaidia. Nasema haya kwa kirefu kwa sababu nataka ieleweke nilikuwa nikila kwa nani.

Kila mwaka, baada ya mavuno, zilikuwepo mbio kutoka Bashay hadi Dongobesh. Watu waliziita marathoni, ingawa hakuna aliyewahi kuupima urefu wake. Ilitosha kwamba ukizimaliza, kesho yake hushuki ngazi. Zawadi zilikuwa majembe, masufuria na blanketi. Kazi yetu ilikuwa mwishoni, uwanja wa shule, penye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili: kupiga kila mkimbiaji anapoingia, namba yake ya kitambaa ikionekana kifuani, ili wiki inayofuata aje atutajie namba na kuchukua picha yake. Kila mkanda ulikuwa na nafasi thelathini na sita na mikanda ilikuwa ghali, hivyo kila mtu alikuwa na bonyezo moja tu. "Piga namba," Fundi alinifundisha. "Sura itajileta yenyewe." Mwaka ule mgeni rasmi alichelewa kufika, na Fundi akaitwa kumpiga picha akishuka garini. Akaning'iniza kamera ya pili shingoni mwangu. "Kamba ni yako leo," alisema.

Nilipiga namba. Nilipiga wanaume watano wa mbele, nikapiga mwanafunzi aliyekimbia na raba moja, nikapiga mzee aliyemaliza huku akiwasalimia watu kwa majina. Halafu akaja msichana aliyejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, namba arobaini na moja, na spika ikatangaza, "Martina wa Bashay, mwanamke wa tatu!" Zikiwa zimebaki kama hatua ishirini, upepo ukamvua kitambaa. Hakukirudia. Aliinua uso, na nikasahau namba. Mpaka leo sijui nikieleze vipi kilichokuwa usoni pale. Hakuwa akicheka wala kulia. Alikuwa kama mtu aliyekuwa amezamishwa majini kwa muda mrefu na sasa ndiyo kwanza kichwa kimetokeza. Nilibonyeza.

Dakika chache baadaye alinifuata nyuma ya tenki la maji, kitambaa kimerudi kichwani, pumzi bado juu juu. "Kaka, samahani. Umenipiga?" Nikasema ndiyo, njoo wiki ijayo, namba arobaini na moja, Martina. "Mimi siyo Martina," alisema. "Martina ni binti wa mama yangu mdogo, amenipa namba yake. Mimi naitwa Fausta. Kaka, ile picha asiione mtu. Mimi sitakiwi kuwa hapa. Mimi niko ndani." Aliposema "niko ndani" nilielewa. Kwetu, nyumba iliyofiwa na mtoto anyonyaye ilikuwa ikitengwa. Wazee waliiita metimani. Mke na mume walikaa kwao miezi kadhaa, hawaendi mnadani, hawasalimiani na watu kwa mkono, hawapiti katikati ya ng'ombe wa mtu, mpaka watakaswe, kwa sababu iliaminika kwamba kifo kile kimewashika na watakigawa kwa wengine. Makanisa yalihubiri dhidi ya jambo hilo, na familia nyingi zilikwisha liacha. Lakini ukoo wa mumewe, aliyeitwa Boay, ulikuwa haujaliacha, na baba mkwe wake, Mzee Gwandu, ndiye aliyelisimamia. Fausta alikuwa ametoka alfajiri akisema anakwenda kutafuta kuni.

"Kwa nini sasa ukaja?" nilimuuliza, kwa ujinga wa miaka ishirini.

Alifikiri. "Kule ndani nasikia kila kitu," alisema. "Nasikia hata panya. Barabarani nilikuwa nasikia miguu yangu tu." Halafu akanishika mkono wa shati, akauachia upesi kana kwamba amekumbuka haruhusiwi. "Lakini usiitupe. Nitakuja kuichukua mwenyewe nikishatoka. Niahidi, kaka."

"Nimekuahidi, dada."

Picha zilirudi kutoka kusafishwa mjini baada ya siku nane. Fundi alizimwaga mezani, akazigawa kwa namba, na alipoifikia ile akaacha kugawa. Aliipeleka mlangoni penye mwanga. Mama Emi alikuwa amemletea chai, ikapoa. "Hii ni yako," aliniambia. "Mimi sijawahi kupiga hivi. Miaka yote hii, sijawahi." Nilimweleza alichoniomba yule dada, chote, mpaka habari ya kuni. Fundi akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaiweka kwenye droo, chini ya vitambaa vya kufutia lenzi. "Basi ikae hapa mpaka aje," alisema. "Picha ya mtu ni ya mtu." Siku mbili baadaye akapata habari kwamba baba yake mdogo ni mgonjwa Haydom. Akaondoka na kuniachia funguo: ya mlango, ya droo, na ile ndogo ya ubao.

Nimejaribu kwa miaka mingi kuitafutia sababu yangu jina zuri. Nilimwambia mke wangu kwamba nilipenda sanaa. Nilimwambia padri, kwenye kitubio, kwamba nilighafilika. Sikughafilika. Ilikuwa Jumamosi ya mnada, barabara imejaa, na Jofrei alikuwa ametoa benchi nje na muziki, watu wanapanga foleni kupigwa mbele ya ghorofa lake. Akaniona nimesimama mlangoni bila mteja. "Boni! Wino wa muhuri umekauka?" Watu wakacheka. Nikaingia ndani, nikafungua droo. Nilijiambia ni ya siku moja tu. Nilijiambia wa nyumba ile wako ndani, hawaji mnadani, na wengine hawamjui. Nilijiambia sitaandika jina. Nikafungua kufuli la ubao, nikamwondoa katikati mwenyekiti wa kijiji na kidevu chake, nikamweka Fausta.

Watu walisimama. Lazima niseme ukweli wote: ile saa moja ilikuwa tamu. Walisimama wakawa wengi, wakaliacha benchi la Jofrei, na yeye mwenyewe akavuka barabara, akaitazama picha, akanitazama mimi. Nikaingia chumba cha nyuma kula viporo alivyoniletea Emi kwenye bakuli, nikakaa kitandani nikiwa nimeegemea zile mbao, ili nisikie watu wakinisifu.

"Huyu analia au anacheka?" ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Anakimbia. Si unaona namba?"

"Martina, nilimsikia kwenye spika siku ile. Lakini huyu siyo Martina. Martina ana mwanya."

Halafu sauti ya tatu, ya mtu mzima, ikiwa chini: "Tazameni kifuani, wenzangu. Hapo kwenye namba, pande zote mbili. Hiyo siyo jasho."

"Mungu wangu."

"Huyo ananyonyesha. Na kama ananyonyesha, mtoto amemwacha wapi akimbie kutoka Bashay?"

"Hana mtoto. Huyu ni mke wa Boay. Ndiyo, ni yeye! Yule aliyezika juzi juzi."

Nilikuwa nimeitazama picha ile mara mia. Niliiona nywele, mdomo, mwanga wa saa nne ulivyompiga shavu. Yale maji mawili kwenye kitambaa cha namba niliyaona pia, nikayaita jasho, nikayapenda, kwa sababu yalionesha alivyojituma. Kila mwanamke aliyepita pale aliyasoma kwa mara moja. Nilikuwa nimeyaning'iniza barabarani, siku ya mnada, nyuma ya kioo, maziwa ya mtoto aliyekufa. Nilitoka mbio kuishusha, lakini wale akina mama walikwisha ondoka, kila mmoja kwa njia yake.

Wiki ile ng'ombe mmoja alikufa Bashay, ng'ombe wa mtu ambaye kijana wake alikimbia kwenye mbio zile. Haikuhitajika sababu nyingine.

Jumatano Fundi alikuwa amerudi, bado ana vumbi la njiani, tunakunywa chai studio, wakaja Mzee Gwandu na wenzake wawili na fimbo zao. Tukasimama, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Waliitikia marahaba wote watatu, kwa utulivu, na utulivu ule ulinitisha kuliko kelele. Hawakukaa. "Tumesikia hapa palikuwa na picha ya mtu wa kwangu," alisema Mzee Gwandu. "Sikuja kugombana. Nataka kujua ni nani aliyemtoa ndani akamweka barabarani." Fundi aligeuka, akaitazama droo, halafu akanitazama mimi. Alikuwa na kikombe mkononi. Kulikuwa na nafasi ndefu pale, ndefu ya kutosha mtu kusema neno moja, mimi, na nilikuwa na pumzi ya kulisema. Nikasema, "Ubao ni wa Fundi."

Kila neno katika sentensi ile lilikuwa la kweli.

Fundi aliweka kikombe chini. "Ndiyo," alisema. "Ubao ni wangu."

Kikao cha wazee kilikaa siku ileile, na uamuzi ulikuwa mfupi: Fundi Petro asiingie tena na kamera yake kwenye nyumba ya mtu yeyote upande ule, iwe harusi, ubatizo au msiba. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Waliacha tu kumwita. Na mpiga picha asiyeitwa harusini ni mtu mwenye kisanduku cha chuma shingoni. Upande ule ukafuatwa na upande mwingine, kwa sababu watu huoana.

Fausta alikuja siku tatu baadaye, asubuhi, na furushi la nguo kichwani, akisubiri gari la kwenda Katesh kwa shangazi yake. Nilikuwa peke yangu. Alisimama kwenye kizingiti bila kuingia, kwa mazoea ya kule ndani. "Wamenirudisha kwetu," alisema. "Boay hakusema kitu. Alikuwa anatazama chini tu." Halafu akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Nani aliiweka, kaka? Nilikuomba wewe."

"Ni Fundi," nilisema. "Mimi nilimwambia. Hakusikia. Mimi ndiye niliyeishusha."

Nilifungua droo, nikampa bahasha ya kaki. Aliichungulia, akaifunga. Akaniambia maneno yale ambayo angeyarudia makaburini: kwamba nina roho nzuri. Gari likapiga honi. Nikambebea nguo zake mpaka kwenye gari.

Fundi hakuniuliza kamwe. Huo ndio mwaka uliobaki: mtu ambaye hakuniuliza. Tulikaa kwenye benchi bila mteja, yeye akifuta lenzi isiyokuwa na vumbi. Mama Emi alianza kupika ugali bila mlenda, halafu akaanza kuuliza kwa sauti, akijua nasikia, "Kwani wewe ndiye pekee mwenye kamera katika dunia hii, mpaka ukaweka uchi wa mke wa mtu barabarani?" na Fundi alijibu, "Yamekwisha, mama. Nipe chumvi." Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kati yao, tonge mkononi. Nikamega, nikatowea, nikameza. Mwisho wa mwaka alifunga studio, akaenda kulima vitunguu saumu kwenye shamba la mkewe. Kamera alinipa mimi. "Sina pa kuingia nayo," alisema. "Wewe unapo." Sikuona dhihaka usoni mwake, na nilitafuta. Nilianza kazi kwa kamera ile, baadaye nikaifungua tena studio ile ile, mikanda yake ya zamani ikiwa bado kwenye droo. Nilipiga harusi za upande ule wote. Nilimpiga Emi picha ya kipaimara, na Mama Emi akanipikia.

Jumamosi Fausta alifika saa tatu, mnada umeanza kuchangamka. Nilikuwa nimeshaichapisha picha, kubwa, imelala mezani. Aliinama, akaiangalia kwa muda, akaweka kidole, bila kugusa, juu ya namba. "Tazama," alisema. "Bado nilikuwa na maziwa yake." Hakulia. "Huko Katesh watu wakiuliza niliwaambia hiyo ndiyo picha yetu wawili."

Nikamwambia. Sikujipangia maneno, yale niliyoyapanga siku mbili yote yalikimbia. Nilimwambia habari ya droo, funguo, Jofrei, na kile kikombe cha chai. Nilimwambia ubao ulikuwa wa Fundi na mkono ulikuwa wangu.

Alikaa kwenye benchi. Nje, mtu alikuwa akinadi mitumba kwa kuimba. "Kwa hiyo pale kaburini," alisema, "nimemsamehe nani?"

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake.

"Nilimchukia, Boni. Nilikuwa nikipita Dongobesh nageuza shingo nisione ule ukuta. Tope lilipotukuta nikasema, nisife na hii kitu moyoni, nitakwenda nimwambie uso kwa uso. Nikawa nasema kesho, kesho. Nimekuja amekwisha fungwa kwenye sanduku." Akanitazama kwa macho yale yasiyo na haraka. "Yeye alijua kuwa ni wewe?"

"Alijua."

"Akanyamaza."

"Akanyamaza."

"Basi mlinyamaza wawili," alisema, "na mimi ndiye niliyebeba nguo." Alinyanyuka. Nilidhani anaondoka, na najua nilitaka aondoke. Alikwenda dirishani, akatazama ukuta wa nje. "Ubao bado mnao?" Ulikuwepo, siku hizi naweka matangazo ya lamineti na picha za pasipoti. "Weka," alisema. "Katikati. Leo nimesema mimi. Na kalamu lete, nikwambie uandike nini chini yake."

"Fausta, Mama Emi yuko matangani. Watu wote watapita hapa."

"Ndiyo," alisema. "Ni siku ya mnada."

Niliandika alichonitajia, kwa herufi kubwa kama alizoandika Fundi. Aliisoma kazi yangu, akanirudisha kusahihisha neno moja nililokuwa nimeliruka. Nikafungua kioo, nikaweka, nikafunga. Yeye akachukua nakala yake, akavuka barabara, akakaa kwa mama lishe, akaagiza chai. Hakusema amenisamehe na sikumuuliza. Nilirudi chumba cha nyuma, ambacho sasa ni stoo, nikajilazimisha kufungua chakula alichonifungashia mke wangu. Mbao bado ni zile zile. Nikasikia miguu ikisimama, sauti ikisema tazama huyu mrembo, nyingine ikicheka, nyingine ikinyamaza. Halafu nikasikia kandambili zilizokuja kwa haraka na kusimama ghafla, na mtu akaweka chini kikapu kizito, kama mtu aliyetumwa kununulia wafiwa vitu. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Emi ni mwalimu sasa, ana watoto wawili, lakini alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyosoma juu ya tofali:

"Huyu ni Fausta. Alikimbia kutoka Bashay. Picha hii iliwekwa hapa mara ya kwanza na Boni. Fundi Petro hakuiweka."

Alirudi mwanzo akasoma tena mstari wa mwisho, polepole, peke yake. Kikapu hakikunyanyuliwa. Kandambili hazikurudi barabarani; zilikuja upande wangu, hatua moja, nyingine, mpaka mlangoni. Nikaliacha tonge kwenye sahani, nikasimama.